Nyama ya Meno

Mama yangu alikuwa akitema damu kila asubuhi na hakuona ajabu yoyote. Alisimama nyuma ya nyumba yetu ya Siakago, kikombe cha maji mkononi, akasukutua, akatema, kisha akafukia pale alipotema kwa kisigino cha ndara. Nilimwona hivyo likizo ya Aprili nikamuuliza damu ile ni ya nini. Akasema ni ya mdomo. Nikamwambia naona kuwa ni ya mdomo, sikudhani ni ya goti. Akacheka, na mimi nikaona meno yake ya kushoto yalivyokuwa marefu.

Niseme mapema jinsi tunavyoongea, kwa sababu kisa chote kimo humo. Nyumbani tunaongea Kimbeere, na maneno ya Mama ninayoyaandika hapa aliyasema kwa Kimbeere, isipokuwa pale nitakaposema vingine. Kiswahili alikiokota sokoni, kwa madereva na wanunuzi wa muguka, yale majani ya kutafuna yanayochangamsha, na kwa kazi hiyo kinamtosha: bei, gunia, kesho, wewe mwongo. Mimi Kiswahili ndicho kinachonilisha. Nakifundisha katika shule ya sekondari upande wa Kanyakine, huko Meru nilikoolewa, na mwanafunzi akisema "kitu zangu" mbele yangu simpi amani hadi aseme "vitu vyangu". Wenzangu wa chumba cha walimu wanasema nina ulimi wa wembe. Nimeurithi. Mama huniita maitu, yaani mama yangu, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake, na nikimchokoza huniambia kwamba hata yule mwenyewe aliyemzaa hakuwa mkali hivi.

Meno hayakuwa yamerefuka. Ni nyama iliyoyashika iliyokuwa imerudi nyuma, nyekundu na yenye kuvimba, ikaacha mizizi nje. Mama amekula muguka tangu nikiwa tumboni, labda na kabla. Shamba ni lake, na kila anapochuma huwa na tonge la majani kwenye shavu la kushoto, pamoja na karanga au chingamu ya kupunguza ukali, na tonge hilo hukaa humo hadi jua lipande. Tena ana ugonjwa wa sukari wa miaka mingi, wa kumeza vidonge asubuhi na jioni. Zamani alisugua meno kwa kijiti cha mti, akasugua kweli. Damu ilipoanza kutoka akaacha, akisema kidonda huachwa kipumzike. Ukimuuliza nani alimfundisha hivyo anakuangalia kama uliyeuliza nani alimfundisha kupumua.

Pumzi yake nayo ilibadilika. Siku ile ya Aprili nilipomkumbatia kuaga, harufu ilinijia nikageuza uso kabla sijajua nimegeuza. Aliona. Alirekebisha kitambaa chake kichwani akaniuliza kama nimebeba ndizi. Njiani kurudi Kanyakine sikuwa na raha hata kidogo. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba mdomo ukioza na sukari ikiwepo, hivyo viwili husaidiana kumla mtu, na nilimwogopea Mama.

Kwa hiyo nilimsumbua kwa simu mpaka akakubali kwenda kwa daktari wa meno mjini Embu. Mwalimu mwenzangu alinielekeza kwenye kliniki ya dada mmoja kutoka Pwani, kijana, mwenye mikono myepesi. Nilikuwa nimsindikize. Siku yenyewe ikaangukia mitihani ambayo ilikuwa lazima niisimamie, na Mama akasema alikuwa akienda Embu kabla sijazaliwa na barabara haijahama. Akaenda peke yake. Wapo watu wa ukoo ambao baadaye walijaribu kunifanya nijute kwa hilo. Sijuti. Mama si kifurushi, na siku hiyo alikuwa na akili zake zote, nauli yake na sketi yake ya kanisani.

Jioni nikampigia.

"Daktari amesemaje, Mami?"

Nilisikia redio ikiongea peke yake nyuma yake. "Amesema nirudi tena."

"Meno je?"

"Meno hayana neno."

Nikafurahi. Nikamwambia asiache kurudi, akasema sawa, akaniuliza habari za watoto. Kama sauti yake ilikuwa imebadilika mimi sikuisikia. Hiyo ndiyo jioni ambayo mama yangu, akiwa ameketi kwenye kigoda chake cha jikoni, alikuwa ameanza kufa kwa hesabu yake mwenyewe, na mimi huku nikimsifu kwa ujasiri wa kwenda kwa daktari wa meno.

Baada ya hapo vitu vikaanza kunijia. Kwanza kilikuja kifurushi cha ndengu kupitia kwa dereva anayemfahamu, na si ndengu za kula, bali mbegu zake alizozichagua, zile ambazo hata dada zake hakuwahi kuwapa. Halafu kikaja kiondo, kikapu chake cha mkonge alichoshinda nacho kwenye mikutano ya akina mama. Nilimpigia kumuuliza kulikoni. Akasema nyumba imejaa. Nyumba ya Mama haijawahi kujaa. Ina meza, viti, kabati, na picha ya baba yangu marehemu. Nilidhani ni uzee, kwamba ameanza kuchoka na vitu. Nilimtania kwamba akiendelea hivyo atanitumia na paka. Akasema paka ni mzee, hataweza safari.

Katikati ya muhula nilipata siku chache nikaenda. Nilimkuta amepungua. Sufuria yake ya ndengu na mahindi ilikuwa imefunikwa juu ya rafu, kavu. Alikuwa akila mkate mweupe uliochovywa kwenye chai ya sukari, na uji mwepesi, na soda wakati mwingine. Chumvi ameacha, maharagwe ameacha, nyama ameacha. Pembeni yake pana jagi la maji, na kila baada ya muda mfupi ananywa, na kila baada ya muda mfupi anakwenda chooni.

"Mami, wewe una sukari. Huu mkate na hii soda ni vya nini?"

"Vingine sitafuni. Meno yanacheza."

"Si ulisema meno hayana neno?"

"Hayana neno kubwa."

"Na daktari ulirudi?"

Akajimiminia maji mengine. Nikamwambia sukari itamuua. Akaniangalia kwa upole ambao si wake, upole ambao ulinitisha kuliko ukali wake wote. "Maitu," akasema, "si sukari itakayoniua."

Nilishikwa na hasira. Nilimwona mkaidi, mtu mzima anayekataa mswaki kama mtoto, na nikamwambia hivyo. Yeye akanionyesha kwa kidole mpaka wa shamba, pale muguka wa zamani unapokutana na ule aliopanda juzi, akaniambia nikumbuke kwamba upande wa mto ni wa kaka yangu na upande wa barabara ni wangu, ili baadaye tusije tukagombana. Nikamuuliza baadaye ya nini. Akasema baadaye ya kila mtu. Nilirudi Kanyakine nikiwa nimenuna, na usingizi wangu wa siku hizo haukuwa usingizi.

Likizo ya Agosti ilipofika sikungoja hata mkutano wa kufunga shule uishe. Nilimkuta ameketi mlangoni, mguu mmoja juu ya jiwe. Mwiba ulikuwa umemchoma kwenye wayo majuma mengi nyuma na kidonda kilikuwa bado kibichi, kingo zake nyeupe. Shavu la kushoto limevimba. Mifupa ya mabega yake ilikuwa imejitokeza, na gauni ambalo nilimnunulia mimi mwenyewe lilimning'inia kama limetundikwa kwenye kamba. Nilipoinama kumsalimu harufu ya mdomo ilinipata, na safari hii sikugeuza uso. Nilibaki pale pale, nikailazimisha pua yangu ikae.

Niliingia ndani kutafuta vidonge vyake vya sukari ili nijue anavimeza vipi. Juu ya kabati havikuwepo, chini ya mto havikuwepo. Nilivikuta katika kopo alilokuwa akiwekea mbegu zake za ndengu, ambalo sasa halikuwa na mbegu, pakiti juu ya pakiti, zimefungwa vilevile kama zilivyotoka zahanati. Alikuwa akienda kuvichukua kila mara ili wauguzi wasimuulize, na hakuwa amemeza hata kimoja tangu sijui lini.

Nilitoka nje na kopo mkononi. Sikumbuki nilisema nini, lakini nilikisema kwa sauti, kwa sababu jirani yake, yule mama wa kanisani ambaye ni rafiki yake tangu usichana, alitokeza uani kutazama. Mama akamwashiria akae. Kisha akaniambia na mimi nikae.

"Maitu, kaa chini. Nilitaka umalize mwaka wa shule kwanza. Nina figo."

"Figo gani?"

"Zangu. Zimeoza. Daktari wa Embu aliniambia."

Nikakaa kweli, chini kabisa, kwenye udongo. Kwetu neno hilo halihitaji maelezo. Kuna familia hapo juu ya mlima, watu wa kanisa letu, ambao baba yao alikuwa akipelekwa kusafishwa figo kila wiki, na kwa kila safari kipande cha shamba kikaondoka, mpaka wakamzika mahali palipobaki, karibu na choo. Mama alibeba maji kwenye mazishi hayo. Aliporudi nyumbani siku ile, alisema yeye akipatwa na jambo kama hilo hatamwambia mtu.

Sasa aliniambia yote, kwa utaratibu, kama mtu anayeripoti kikaoni. Daktari alimlaza kwenye kiti kinachorudi nyuma, akamtazama mdomoni kwa taa na kioo kidogo. Akamuuliza kama ana sukari, akasema ndiyo. Basi daktari akamwambia kwamba figo zake zimeoza, kwamba damu na harufu vinatoka huko, kwamba figo zikiwa hivyo sukari haishikiki na hata moyo unaweza kuguswa, kwamba itabidi asafishwe figo, tena si mara moja, atakuwa akirudi. Nilimuuliza daktari wa meno alijuaje habari za figo. Mama akashangaa swali langu. Daktari mzuri huangalia macho akajua ini, akasema, na huangalia ulimi akajua tumbo. Yule aliangalia mdomo wote kwa taa, angekosaje kuona?

"Na vidonge?"

Jirani ndiye aliyejibu. Alisema alimshauri kwa nia njema, kwamba kila mtu anajua dawa za sukari hula figo, na kama figo zimeshaoza basi kuendelea kuzimwagia dawa ni kuzimaliza. "Tuliona ni afadhali zipumzike," akasema.

Zipumzike. Nilitaka kumpiga yule mama mzima kwa kopo nililoshika. Mama akaongeza kwamba dalili zenyewe alizithibitisha, kwa sababu tangu aache vidonge kiu haimwishi na choo hakimwachi, na nani asiyejua kwamba mkojo ni kazi ya figo. Niliwatazama wote wawili, wametulia, wameshalia na kumaliza bila mimi. Niliogopa kama sijawahi kuogopa. Niliamini kila neno. Mimi pia.

Asubuhi iliyofuata nilikodi gari, nikamfunga Mama mguu, tukaenda Embu kwa yule yule daktari. Nilitaka anieleze kwa nini alimpa mgonjwa hukumu ya kifo na kumwachia nauli ya kurudi nyumbani peke yake. Nilikuwa nimeipanga hotuba yangu vizuri, kwa Kiswahili changu cha darasani, na njia nzima niliinoa.

Daktari alikuwa msichana mwembamba mwenye barakoa ya buluu na buibui jeusi chini ya koti jeupe. Alimshika Mama mkono. "Shikamoo, Mama. Ulinitupa. Nilikungoja urudi." Chumba cha pili mashine ilikuwa ikilia, ile ya kukereza meno, na ilibidi nisogee ndipo nimsikie vizuri. Kabla sijafungua mdomo, Mama akamjibu, kwa Kiswahili chake mwenyewe.

"Ndaktari, wewe uliambia mimi figo yangu imeoza. Mimi nimengoja kukufa, na sijakufa. Sasa hii mtoto imenileta uambie yeye."

Daktari aliuachia mkono wa Mama. "Figo? Mama, mimi ni daktari wa meno. Figo nitazionea wapi?"

"Ulisema. Figo. Ulisema mtasafisha."

Niliona macho ya yule msichana yakihama kutoka kwa Mama kuja kwangu, kisha yakarudi, kisha yakajaa. Akavuta barakoa chini. Akaweka kidole kwenye mdomo wake wa juu akauinua, akatuonyesha nyama ya waridi juu ya meno yake meupe.

"Fizi, Mama," akasema polepole. "Nilisema fizi. Hizi hapa."

Ufizi, fizi. Ngeli ya U-ZI, pamoja na ukuta na ufa na ufunguo. Nimeliandika neno hilo ubaoni kila mwaka tangu nianze kazi, na watoto wa Meru hulinakili bila kulijua, kwa sababu huku kwetu hakuna anayelitumia. Kiswahili cha soko la Siakago kinasema nyama ya meno, basi. Na Kimbeere hakina z. Sauti hiyo humpita Mama sikioni bila kumgusa, na neno letu la figo linakaribiana sana na la Kiswahili. Mtu akikwambia kitu kupitia barakoa, mashine inalia, umelala chali na taa machoni, unasikia neno unalolijua. Hata ngeli haikutusaidia. Fizi zako, figo zako. Fizi zimeoza, figo zimeoza. Nilijaribu pale pale kuyapitia maneno yote ya daktari, nikiweka neno moja mahali pa jingine, nikitafuta sentensi moja ambayo ingeanguka, ambayo ingemshtua Mama aulize. Damu na harufu, sukari, moyo, kusafishwa mara kwa mara. Zote zilisimama wima.

Mama alinivuta mkono. Hakuwa ameelewa. Nikamwambia kwa lugha yetu: ni nyama ya meno, Mami. Alikuwa akisema nyama ya meno. Inasafishwa hapa hapa kwa vyuma vidogo, utando mgumu ulioshika mizizi unakwanguliwa, kisha wewe unakwenda nyumbani.

Alitazama mguu wake uliofungwa, akapitisha ulimi kwenye shavu lililovimba.

"Kwa nini hakusema nyama ya meno?"

Nilicheka. Ilinitoka tu, kicheko kibaya, na kikageuka kilio kabla hakijaisha, na Mama akawa ananipigapiga mgongoni mbele ya daktari kama mimi ndiye mgonjwa. Daktari naye alikuwa akifuta macho, akirudia, "Mimi nilisema Kiswahili, mwalimu. Wallahi nilisema Kiswahili." Alisema kweli. Alikisema vizuri kuliko mtu yeyote katika mji ule, na hotuba yangu niliyoinoa njia nzima haikuwa na mtu wa kuipokea. Nilitafuta wa kumlaumu nikamkosa, na hilo hadi leo linaniuma, kwa sababu mimi ni mtu wa kulaumu na sijui kufanya jambo jingine na uchungu.

Fizi hazikusafishwa siku hiyo. Daktari alimtoboa Mama kidole, akatazama kile kimashine cha sukari, akakitazama tena. Akatueleza, sasa kwa maneno mafupi na akingoja nimpe Mama kila moja kwa Kimbeere kabla ya kuendelea, kwamba usaha ulioko ndani ya taya unaipandisha sukari, na sukari iliyopanda inalisha usaha na kukizuia kidonda cha mguu kupona, na kwamba vidonge vilivyokuwa vikizuia yote hayo vililala kwenye kopo. Mama alisikiliza kama anayesikia habari za mtu mwingine. Kisha tukapelekwa hospitali, na huko wakamlaza.

Siku za wodini zilikuwa ndefu. Walimwekea maji, wakamchoma sindano za sukari, wakatoboa jipu la taya, wakang'oa meno mawili yaliyokuwa yameshikwa na mazoea tu. Mama alirudiwa na rangi. Alirudiwa pia na ulimi. Alimwambia mgonjwa wa kitanda cha pili kwamba anakoroma kama trekta. Aliwasimulia wauguzi habari za fizi na figo, akiigiza daktari akiinua mdomo, na wodi nzima ikacheka, na kila aliposimulia nilimwona akiwa mwepesi zaidi. Alikuwa amebeba kaburi lake miezi ile yote na sasa ameambiwa alitue. Jirani yake alikuja na uji wa mtama, akaomba msamaha, wakalia pamoja, wakaanza kupanga kuchuma muguka. Aliniambia nirudishe kiondo. Akasema mbegu naweza kubaki nazo kidogo, nusu nirudishe.

Mimi nilicheka pamoja nao, lakini moyo haukutulia. Walikuwa wamechukua damu na mkojo kwenda kupimwa, na nilikuwa nimeshamjua daktari kijana wa zamu kwa mwendo wake. Asubuhi moja alipita kitanda chetu bila kusimama, akaenda mwisho wa wodi, akarudi akaniita kando kwa kidole.

"Mwalimu, habari ya asubuhi. Mathe anaendelea poa. Sukari tumeishusha, mguu unaanza kufunga." Akaangalia karatasi aliyoshika, ingawa nilijua anaijua. "Lakini hizi majibu, nimerudia mara ya pili. Figo zake zimeanza kulegea."

Nilimwomba aseme tena. Si kwamba sikusikia. Nilimwomba aseme tena kwa sababu nilitaka, mara hii moja, iwe ni mimi niliyesikia vibaya.

"Figo," akasema. "Kidney. Hajafika pale pa kusafishwa, hapana, usishtuke. Pengine zilianza kitambo, hii sukari ya miaka. Lakini hiyo miezi bila dawa imezisukuma sana. Akimeza dawa, akishikilia sukari na presha, na huo mdomo usirudi vile ulikuwa, zinaweza kumpeleka mbali. Akiacha tena, sijui."

Nilirudi kitandani polepole. Mama alikuwa amekaa, mswaki mpya mkononi, ule laini alioletewa na daktari wa meno aliyekuja mwenyewe kumwona. Alikuwa akijifunza kusugua bila kuogopa damu. Aliniona tangu mlangoni. Mama husoma uso wangu kuliko mimi ninavyosoma kitabu.

"Yule kijana amesema nini?"

Ningeweza kumdanganya. Kiswahili kingenisaidia, kina maneno mengi ya kuficha, na pia kule kusema "hayana neno kubwa" nilikuwa nimefundishwa na yeye mwenyewe. Niliwaza kwamba nikimpa neno lile tena atalala chini alifie, kama alivyofanya mwanzo. Na nisipompa, ataona amepona na vidonge vitarudi kwenye kopo. Niliogopa yote mawili sawasawa. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda, nikamshika mkono wenye mswaki. Nikamwambia kwa Kimbeere, lugha ambayo hatuwezi kukosana humo. Nikaanza na nyama ya meno, kwamba inapona. Kisha nikalitaja lile neno jingine, letu, wazi, nikapagusa na mahali pake mgongoni mwake kwa kiganja changu ili pasiwe na shaka. Nikasema si za kufa, Mami, ni za kutunzwa, na vidonge ndivyo vinavyozitunza.

Hakulia. Aliuweka mswaki ndani ya kikombe, akafuta mdomo kwa pembe ya shuka, akaangalia alama ndogo ya damu iliyobaki pale.

"Kwa hiyo nilisikia vizuri," akasema.

Mimi ninayesahihisha watu kwa mshahara nilifungua mdomo nimweleze, kwamba hapana, siku ile lilikuwa neno jingine, kwamba siku ile figo zake pengine zilikuwa na nguvu bado. Nikamwona anangoja, kichwa kimeinama upande mmoja, kama mwanafunzi aliyetoa jibu.

"Ndiyo, Mami," nikamwambia. "Ulisikia vizuri."

Akaniomba vidonge na maji.